Bunduki ya Babu na Chokaa ya Serikali

Ipo nchi moja, na msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yenyewe imepelekwa kupakwa rangi. Kuna mgeni rasmi aliyeomba kuitazama. Jina la nchi hiyo nalijua vizuri, ila sioni haja ya kulitaja. Ninyi ni watu wazima.

Katika nchi hiyo barabara hazichongwi kwa sababu zina mashimo. Huchongwa kwa sababu mgeni rasmi atapita. Hospitali hupata vitanda asubuhi ya siku anayokuja, na jioni vitanda hurudishwa vilikoazimwa, kabla wagonjwa hawajavizoea. Mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa, miti hupakwa chokaa mpaka kiunoni, na mwaka mmoja mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji, aliyefanya kosa la kulala karibu na mawe, alipakwa naye, akasimama kwenye mstari, akashikwa pembe na mheshimiwa kama viongozi wengine walivyoshikwa mkono. Sisemi kwamba ni vibaya. Usafi ni usafi.

Sasa huko, katika kijiji cha Kitopeni, aliishi mkunga mmoja mjane aitwaye Bi. Mwasiti. Hakuwa na maneno mengi, lakini neno la mtu alikuwa halisahau. Na kilichokuwa kikimkosesha raha kwa miaka kumi na mmoja ni kitu kimoja tu: Kitopeni hakukuwa na mashine ya kusaga. Wanawake walijitwika mahindi, wakatembea saa tatu mpaka mjini Mlowoka, wakapanga foleni, wakarudi saa tatu nyingine na unga kichwani. Bi. Mwasiti alishawazalisha wawili njiani. Mmoja alijifungulia kichakani. Wa pili hakuwahi hata kufika kichakani, akajifungulia juu ya gunia la unga lililopasuka, na mtoto akatoka mweupe pee hata baba yake akataka maelezo.

Kila mwaka Bi. Mwasiti aliandika barua ya kuomba mashine. Kila mwaka alijibiwa kwamba ombi linafanyiwa kazi. Jamani, kama kazi ile ingekuwa ya jembe, nchi nzima ingekuwa imeshalimwa.

Basi siku moja alipita Kitopeni daktari wa meno mstaafu, Dokta Lwanzali, aliyekuwa akitafuta asali. Mzee huyu, baada ya kung'oa meno ya watu kwa miaka arobaini, alikuwa amehamia kwenye kukusanya silaha za kale, na nyumba yake ilijaa mapanga, mikuki na mizinga isiyolia. Alikaribishwa uji jikoni kwa Bi. Mwasiti, akainua macho kushukuru, akaiona bunduki darini juu ya jiko. Uji ukapoa mkononi.

"Bi. Mwasiti, ile ni nini?"

"Bunduki ya babu. Alikwenda nayo kwenye vile vita vya kwanza vya wazungu, akarudi nayo. Hakumuua mtu. Aliua kanga mmoja, na mpaka anakufa alikuwa akimjutia."

Dokta Lwanzali aliishusha kwa mikono miwili. Hakuipangusa. Alivaa miwani, akatoa na kioo cha kukuzia, akaanza kuikagua kama aliyekalishwa mbele ya jino bovu. Alisoma namba kwenye mtutu, akasoma namba kwenye komeo la kufungia risasi, akageuza kitako akasoma namba ya tatu. Zote zilikuwa moja. Akatazama taji dogo lililochongwa juu ya chemba ya risasi, na mwaka wake, 1907. Akanusa mbao. Akapitisha kidole kwenye kutu, akaona imetanda sawasawa, kutu ya uzee, haijaguswa na mtu. Mwisho akafika ubavuni mwa kitako, penye mikwaruzo saba ya msumari.

"Na hii?"

"Miezi saba. Vita vilipokwisha hakuna aliyewarudisha makwao. Alitembea miezi saba, na kila mwezi ulioandama alikwaruza mmoja. Bibi alikuwa akiishika mikwaruzo hiyo kila jioni."

Daktari aliilaza bunduki mapajani. Kisha akasema, "Mimi si mtu wa kuficha. Ukiniuliza bei ya haki ya bunduki hii, ni milioni kumi na mbili. Namba zinafanana, hiyo ni nusu ya bei. Kutu ni yake, mbao ni zake, hiyo ni robo. Na hii mikwaruzo saba ni robo iliyobaki, maana bunduki za mwaka huo nimeziona nyingi, lakini ya mtu aliyetembea miezi saba sijaiona."

Bi. Mwasiti alipiga hesabu kichwani. Mashine mpya ya kusaga, pamoja na injini yake, ilikuwa milioni kumi na moja na nusu. Alijua, kwa sababu kila alipokwenda Mlowoka alipitia dukani kuuliza, mpaka mwenye duka akawa anamjibu kabla hajafungua mdomo.

"Ila sharti moja, mama," daktari akasema. "Usiisafishe. Hata kwa kitambaa. Kitu cha kale ukikisafisha kinaacha kuwa cha kale, na kipya nacho hakiwi. Mimi nanunua uchafu wenyewe."

Wakapeana mkono. Lilikuwa limebaki jambo dogo la sheria.

Sheria ya nchi hiyo inasema kitu chochote cha kale hakiuzwi mpaka kipewe Hati ya Bei ya Haki na Wizara ya Bei za Haki. Ni sheria nzuri. Ilitungwa ili wanyonge wasipunjwe, na tangu itungwe hakuna mnyonge aliyepunjwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuza.

Bi. Mwasiti aliifunga bunduki kwenye khanga, akaipeleka wilayani kwa Afisa Mthamini, Bwana Kasiga. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mwenye suti moja na kalamu nne. Aliifungua khanga, akaruka nyuma.

"Mama, hii ina kutu."

"Ndiyo, baba. Mnunuzi kasema isiguswe."

"Mnunuzi hajui utaratibu. Bei inapangwa na Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya akipokea kitu anakuwa mgeni rasmi wa kitu hicho. Unataka nimpelekee mgeni rasmi kutu? Nina watoto mimi."

Akaita mafundi wawili na msasa. Bi. Mwasiti alisimama mlangoni akisema polepole, "Kitako jamani, kitako mniachie," nao wakamjibu kwa heshima zote, "Tunaanza na hicho hicho, mama, ndicho kichafu zaidi." Walisugua mpaka mbao zikawa nyeupe na mtutu ukang'aa. Ile mikwaruzo saba ikaondoka na vumbi, vumbi likafagiliwa nje. Bi. Mwasiti aliona uchungu ambao hakuuona hata siku alipomzika mumewe. Babu yake alihangaika miezi saba kuifanya ile mikwaruzo, na ilikwisha kabla chai haijachemka.

Mkuu wa Wilaya akaipokea, akaishika kama mtu anayeshika mtoto wa wenzake, akapigwa picha. Na hapo hapo bei ikapatikana, kwani kuna Kanuni ya Tisa isemayo kwamba kitu hakiwezi kuwa na bei ndogo kuliko cheo cha aliyekipokea. Bei ya cheo cha wilaya ni milioni thelathini.

"Hongera, mama," alisema Bwana Kasiga. "Ulikuja na kumi na mbili."

"Basi nipeni hati niende."

"Ikishazidi ishirini inakwenda mkoani."

Mkoani kulikuwa na idara tatu, na kila idara ilitaka kuonyesha kwamba imeipokea. Idara ya Mali ikagonga namba yake kwenye mtutu. Idara ya Ulinzi ikagonga ya kwake kwenye komeo. Idara ya Utamaduni, iliyochelewa kwa sababu ya semina, ikakuta pamebaki kitako, ikagonga hapo. Ile namba ya zamani ilikuwa inachanganya mafaili, ikasuguliwa ikafutwa. Kisha bunduki ikapakwa vanishi mara tatu, ya tatu ikanasa nzi wawili, nao wakaachwa humo kwa kuwa fungu la vanishi lilikuwa limekwisha. Mkuu wa Mkoa akaipokea. Milioni tisini.

Nayo ikishazidi hamsini inakwenda wizarani.

Ninawaomba msicheke. Watu hawa walifanya kazi kwa bidii, na kila mmoja alikuwa akiipandisha bei ya yule mjane bila kumdai hata soda.

Waziri wa Bei za Haki, Mheshimiwa Shungu, aliipokea bunduki katika uwanja wa wizara, mbele ya kwaya mbili. Uwanja wote ulikuwa umepakwa chokaa tangu juzi yake. Fundi wa rangi alipofika mezani akaona kitu kirefu cha mbao kimesimama, akakifanyia kama alivyozoea kuifanyia miti: chokaa kuanzia chini mpaka kiunoni. Bwana Kasiga alipoona alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu safari ianze. Ilikuwa imependeza.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Shungu, "bunduki hii ni zaidi ya bunduki. Bunduki hii ni dira, ni dhamira, ni mhimili mtambuka. Wakoloni walitaka muione kuwa ya zamani. Mimi nawaambia, chini ya uongozi huu, bunduki hii ni mpya."

Watu wakapiga makofi. Akakata utepe uliofungwa kwenye mtutu, akafunua kibao cha shaba kilichopigiliwa misumari minne kwenye mbao, kilichoandikwa jina lake, cheo chake, tarehe, na neno "ALIIZINDUA". Ndipo Bwana Kasiga akasoma Hati ya Bei ya Haki. Bei: milioni mia nne na kumi na mbili. Kifungu cha kwanza, haitauzwa chini ya bei hiyo, na atakayethubutu atafungwa miaka miwili kwa kosa la kuidharau bei. Kifungu cha pili, itakapowekwa na mgeni rasmi ndipo patakuwa mahali pake pa kudumu, na mtu yeyote atakayeitoa hapo au kuiharibu ataifidia serikali bei yake yote, yeye mwenyewe na warithi wake.

Kwa shughuli ile mgeni rasmi hakuiweka popote. Alimkabidhi Bi. Mwasiti mkononi, akapanda gari, akaenda kuzindua kitu kingine.

Dokta Lwanzali alikuja Kitopeni na fedha zake kwenye mkoba. Bi. Mwasiti akamtolea. Daktari aliitazama chokaa, akawatazama nzi, akazisoma zile namba tatu zisizofanana, akakigusa kibao. Kisha akakaa chini.

"Mikwaruzo iko wapi?"

"Imesafishwa."

"Mama yangu we." Akavua miwani akaipangusa muda mrefu, ingawa haikuwa na kitu. "Sasa hivi, nikiwa mkweli, ni fimbo ya kufukuzia kuku. Elfu tatu."

"Siwezi kukuuzia kwa elfu tatu, nitafungwa. Nikuuzie kwa milioni mia nne na kumi na mbili?"

"Hata wote walioigusa wakiuzwa hawafiki hapo," daktari alisema, akanywa uji wake, safari hii mpaka ukaisha, akaenda zake.

Siku ile Bi. Mwasiti alilia. Hakujificha, alilia pale uani, na majirani waliotoka Mlowoka na unga kichwani wakatua mizigo, wakalia naye. Walikuwa wameshaanza kupanga nani atakuwa mweka hazina wa mashine.

Kesho yake lori la wilaya likapita limejaa mifuko ya chokaa, likielekea kijiji cha mbele. Bi. Mwasiti akamuuliza dereva kuna nini. Kuna mgeni rasmi, akajibiwa, anakuja kuzindua kisima.

"Kisima kipo?"

"Hakipo, shangazi. Ila mpaka Alhamisi kitakuwepo."

Bi. Mwasiti aliingia ndani, akaisoma hati yake yote upya, neno kwa neno, mpaka mihuri. Aliposhika kalamu alikuwa hana machozi tena. Miaka kumi na mmoja alikuwa akikosea barua, na leo ndipo alipojua kosa lake. Alikuwa akiomba.

Akaandika: "Mheshimiwa Waziri, wananchi wa Kitopeni wana furaha kukualika kuja kuzindua Mashine ya Kusaga ya Kitopeni, na kuiweka humo kwa mkono wako ile bunduki uliyoifanya mpya."

Jibu lilikuja baada ya siku nne, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu posta ijengwe. Mheshimiwa amekubali. Ameshaingiza kwenye ratiba. Televisheni watakuwepo.

Baada ya jibu akaja Bwana Kasiga, mbio, na kalamu zake nne.

"Mama, hiyo mashine iko wapi nikaipake chokaa?"

"Mashine gani?"

"Ya kuzinduliwa."

"Mimi mwananchi tu, baba. Mimi nimealika. Mambo ya mashine mnayajua ninyi wa serikali."

Bwana Kasiga alizunguka kijiji mara mbili. Alichungulia hata zizi la mbuzi. Aliporudi shati lilikuwa limemgandia mgongoni.

"Haipo," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi mwambieni Mheshimiwa kwamba haipo."

Bwana Kasiga alimtazama kama mtu aliyetukanwa mama yake. Katika nchi hiyo hakuna aliyewahi kumwambia mgeni rasmi kwamba kitu hakipo. Neno lenyewe la kumwambia halikuwahi kutafutwa. Akapanda pikipiki akaondoka, na kabla wiki haijaisha kibanda cha matofali kilikuwa kimesimama, na lori likashusha mashine ya kusaga, nzima, na injini yake. Ubavuni ilikuwa na matundu ya misumari, manne manne, mafungu tisa. Bi. Mwasiti akayahesabu.

"Imeshazinduliwa vijiji tisa," dereva akamnong'oneza. "Kitopeni ni cha kumi. Kesho yake tunaipeleka Mavumbini. Msiizoee, shangazi."

"Hatuizoei," Bi. Mwasiti alisema.

Siku ya mazoezi ya sherehe, Bwana Kasiga alijifanya waziri, akapita mbele ya mashine taratibu akiipungia mkono migomba. Bi. Mwasiti alikuwa ameiegemeza bunduki kwenye mashine, si vizuri sana. Ikaanguka, pu, kitako kikakikosa kwa unywele mmoja kidole gumba cha mguu wa Bwana Kasiga.

"Na kama ingekuwa mguu wa Mheshimiwa?" Bwana Kasiga alisema, uso umemwiva.

"Ndiyo hofu yangu mimi, baba. Mtutu ni chuma, na mashine ni chuma. Au basi tuache tu, Mungu atamlinda."

"Tuache? Fundi aje aichomelee. Kwenye mwili wa mashine kabisa, isitikisike."

"Kama ni amri yako," alisema Bi. Mwasiti, "mimi ni nani nikatae."

Fundi wa wilaya akaichomelea juu ya mdomo wa kumiminia mahindi, mtutu wote, kuanzia ncha mpaka kwenye komeo. Siku ya pili Mheshimiwa Shungu akaja, akaigusa kwa mkono wake mbele ya televisheni, akasema, "Hapa ndipo mahali pake." Akakata utepe. Akatupia punje tatu za mahindi, mashine ikanguruma, akatoa hotuba ambayo kwa bahati haikusikika. Chokaa ikawa inamdondokea mabegani kutoka kwenye kitako, naye akaidhania unga, akafurahi sana.

Asubuhi iliyofuata lori likaja kuchukua mashine.

Wakamkuta Bi. Mwasiti amekaa mlangoni na hati mapajani, na nyuma yake foleni ya wanawake na mahindi yao, waliokuja kwa mguu wa dakika tano. Hakuwazuia. Alisogea hata akawapisha.

"Ichukueni tu. Ila, Bwana Kasiga, hebu nisomee kifungu cha pili. Macho yangu siku hizi."

Bwana Kasiga alianza kusoma kwa haraka, kama mtu anayejua asomacho. Alipofika "mahali pake pa kudumu" sauti ikapungua. Alipofika "yeye mwenyewe na warithi wake" alikuwa anasoma kimoyomoyo. Akainua macho kuitazama ile bunduki na ule mchomeleo wa fundi, mnene, mzuri, kazi ya serikali. Wapakiaji walikuwa wameshaishika mashine pande nne.

"Wekeni chini," aliwaambia.

"Kwani bosi, tusii—"

"Wekeni chini, nimesema. Ni milioni mia nne na kumi na mbili hiyo." Akamgeukia Bi. Mwasiti. "Mama, nikaandike nini wilayani?"

"Andika kwamba ombi la mashine limefanyiwa kazi."

Lori likaondoka tupu. Bwana Kasiga akabaki kidogo, na kwa kuwa alikaa karibu na foleni akaombwa amshikie mama mmoja mtoto. Ni yule aliyezaliwa mweupe.

Dokta Lwanzali alipopita tena kutafuta asali alikuta mashine inasaga. Aliizunguka, akasoma hati, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatoa kalamu akapiga hesabu kwenye kiganja: mashine, milioni kumi na moja na nusu, na kibanda, nusu milioni. "Kumi na mbili," alisema. "Sikukosea." Bi. Mwasiti akamjibu kwamba alikosea, alisahau ile miezi saba, na hiyo hakuna aliyeilipa mpaka leo. Daktari akakubali.

Miezi miwili baadaye wakaja wanawake watatu kutoka Mavumbini, kule mashine ilikokuwa iende. Walikaa, wakasalimiana, wakanywa maji, wakazunguka zunguka na maneno ya mvua, hatimaye mmoja akafungua khanga. Ndani kulikuwa na tarumbeta la jeshi la zamani, limebonyea, limeota kutu ya kijani mpaka mdomoni.

"Bi. Mwasiti, tumesikia wewe unajua bei za vitu hivi. Hatujaligusa. Kuna daktari mmoja wa meno kasema tusilisafishe kabisa."

Bi. Mwasiti aliligeuza, akalinusa, akalipa heshima yake.

"Ninyi mnataka nini, pesa ya daktari au zahanati?"

Wakatazamana. "Zahanati."

"Basi lisugueni mpaka ling'ae," Bi. Mwasiti alisema, akawarudishia. "Na mkifika nyumbani, litieni chokaa."